Saa ya Dobi

Dobi alipiga pasi tangu asubuhi hadi jioni. Mkono ulikwenda na kurudi. Miguu ilisimama palepale kama nguzo. Nguo zikishakunjwa, mtu wa pikipiki alizipeleka kwa wenyewe.

Dobi alikuwa na kisukari. Miguu ilishaanza kufa ganzi, na kazi yake ni ya kusimama. Daktari alimwambia ameze dawa na atembee kila siku.

Binti yake akawaletea wazazi saa za mkononi zinazohesabu hatua. Mama alivaa yake siku moja, akaivua. Alisema inamsimanga kama wifi. Dobi aliipenda yake, maana ni mtu wa kushindana tangu utoto. Kila jioni saa ilimpongeza, naye akamtambia mkewe.

Alipopimwa tena, sukari ilikuwa imepanda. Akasema kipimo kibovu. Muuguzi, ambaye ni jirani yao, hakubishana. Jioni alipita kwenye kibanda cha dobi, akaitazama saa, akamwomba dobi apige pasi mashati mawili. Kisha akaitazama tena. Hatua zilikuwa zimeongezeka.

"Baba, umetoka hapo?"

"Nitoke niende wapi na pasi ya moto?"

"Basi saa imetembea, wewe umebaki."

Akamweleza kwamba saa ile husikia mkono. Mkono ukienda na kurudi, hudhani mtu anatembea.

Dobi aliona haya, akataka kuitupa. Muuguzi akamzuia.

"Wewe unapenda kushindana, itakufaa. Ivue ukipiga pasi, ivae ukitembea. Mama hapendi kuhesabiwa, anapenda mazungumzo. Yeye atembee na mwenzake. Kinachosaidia mwili ni kutembea. Saa inakumbusha tu, na watu hawakumbushwi kwa njia moja."

Tangu hapo saa ilitundikwa kwenye msumari wa kibandani wakati wa pasi. Nguo za mitaa ya karibu dobi alizipeleka mwenyewe kwa miguu. Siku za kwanza saa ilikuwa bahili wa pongezi, naye akakata tamaa. Mkewe ndiye aliyemtoa nje, akimsimulia habari za mtaa njia nzima.

Mungu humsaidia aliyeinuka. Siku ya kupimwa walikwenda kwa miguu, wakizungumza. Sukari ilikuwa imeshuka. Dobi akamwambia muuguzi kwamba ile saa imemfaa sana.

"Saa gani?" mkewe akauliza. "Leo umeiacha msumarini."