Mawe Yaliyofunga Kisima

Kila asubuhi fundi cherehani alishona kibarazani huku ndoo zikigongana uani. Kisima chao kilikuwa na maji matamu, na majirani walichota bila kuuliza. Wifi yake, dada wa mumewe, hakukosa. Alichota maji na kuacha umbea.

Kiangazi kile maji yalipungua. Mume akashuka kukichimba zaidi. Udongo ulipopanda, ulikuwa na mawe yenye chembe za manjano, zinang'aa mpaka jicho linauma.

"Mke wangu, funga mdomo," mume alinong'ona. "Tumeula!"

Wakafunga mdomo. Wakafunga na kisima, kwa kufuli. Wifi alipokuja, fundi cherehani alimjibu bila kumtazama.

"Kimeharibika, wifi. Maji yananuka."

"Poleni jamani." Wifi akageuka, akashika njia ya mtoni, mtoto mgongoni.

Sasa nani angewapimia dhahabu yao? Sonara waliyemjua alikuwa mmoja tu: mume wa wifi huyohuyo. Walipochoka kukaa roho juu, wakaenda kwake na jiwe moja ndani ya kitambaa.

Sonara alibandua chembe, akaigonga kwa nyundo. Ikasagika. Harufu kama ya kichwa cha kiberiti ikapanda.

"Dhahabu ni laini, shemeji. Ukiigonga inatandazika, haivunjiki. Hii ni chuma na salfa. Imewadanganya wengi."

"Kwani ya kweli inatoka wapi?" mume aliuliza.

"Chini sana ardhini kuna maji ya moto. Yanapanda kwenye nyufa za miamba yakiwa yamebeba dhahabu. Yakipoa, yanaiacha humo, mara nyingi ndani ya jiwe jeupe. Miaka na miaka mvua inakula mwamba, na mto unazoa chembe. Dhahabu ni nzito, basi inalala chini ya mchanga. Ndiyo maana watu wa kale waliiokota mitoni, wakaifua hivihivi. Inatoka ardhini ikiwa dhahabu tayari." Akafuta nyundo. "Mawe mengine mmeyaweka wapi?"

"Kando ya kisima," fundi cherehani akaropoka.

"Kisima kilichoharibika?"

Uso ulimwaka fundi cherehani. Angepata shimo angeingia.

"Yatoeni leo," sonara alisema taratibu. "Yakinyeshewa yanatoa maji makali yenye kutu. Yakiingia kisimani, uongo wenu utakuwa kweli. Yafukieni mbali, palipo pakavu, na bwana maji apime kabla hamjanywa."

Pazia la mlangoni likasogea. Wifi alikuwa amesikia yote.

"Nilikudanganya, wifi," fundi cherehani alisema.

"Ungeniambia mmepata, ningepiga vigelegele kuliko wewe," wifi akajibu, akarudi ndani.

Neno lile lilimchoma kuliko tusi. Waliyafukia mawe. Bwana maji alipima, akasema maji ni salama. Fundi cherehani alipita mlango kwa mlango, akasema alichofanya na kuomba radhi. Wengine walicheka. "Shikamoo, tajiri!" Akaitikia kichwa chini. Watu wakarudi kuchota, ila si wifi; yeye aliendelea kwenda mtoni, kule mbali.

Siku moja wifi akaja. Alitua ndoo kando ya kisima. Fundi cherehani akashika kamba mwenyewe, akavuta, akamimina.

"Jaza mpaka ukingoni," wifi akasema. "Leo siendi mbali."