Mwenye Tope

Umeme ulikatika muda mfupi kabla ya magharibi, na kwa jinsi mvua ilivyokuwa ikiishukia Guangzhou, Shifa alijua hautarudi upesi. Akachukua tochi, akaingia chumba cha baridi cha maabara. Mashine zilikuwa kimya. Joto la Julai lilikuwa limeshaanza kupenya chini ya mlango.

Shifa alikuwa binti wa Wete, Pemba, aliyepata ufadhili wa kusoma China. Mwaka huo wa 1998 alikuwa ameshakaa huko vya kutosha hata akawa anaota kwa Kichina. Kazi yake ilikuwa tope. Watu wa nyumbani walimcheka: mtu kavuka bahari kwenda kusomea matope. Lakini tope lile halikuwa la mtaroni. Lilitolewa chini ya ziwa dogo kule bara la Ncha ya Kusini, ambako barafu hufunika maji karibu mwaka mzima. Kila mwaka ziwa lile huangusha chini utando mwembamba wa vumbi, mwani na kinyesi cha ndege. Miaka ya joto huacha utando mweusi, kwa kuwa mwani hustawi. Miaka ya baridi kali huacha mchanga mtupu. Ukizamisha bomba na kulivuta, linatoka na maelfu ya miaka yamelaliana ndani yake kama mikeka, na mwenye kujua kuisoma anaona dunia ilivyokuwa na joto na ilivyopoa kabla hajazaliwa mtu wa kusimulia.

Bomba lilikuwa moja tu. Likioza, masomo yake yote yanaoza nalo.

Alimpigia simu msimamizi wake, Profesa Liang, aliyekuwa Beijing.

"Litoe hapo," Profesa alisema. "Tafuta friji popote. Lisigande, lisipate joto." Akashusha sauti. "Na ulichukue peke yako."

"Niko peke yangu, mwalimu."

"Hakikisha."

Simu ikakatika.

Shifa alimkumbuka Marijani, mfanyabiashara wa Unguja aliyepanga nyumba mtaa wa Huanshi Zhonglu na mkewe Sihaba. Marijani alikuwa akinunua mafriji ya vinywaji yaliyotumika na kuyasafirisha nyumbani, na jengo lao lilikuwa na jenereta. Akalifunga bomba kwenye khanga, akalipakata kama mtoto, akatoka kutafuta teksi.

Njiani dereva alikuwa akitupa jicho kwenye kioo. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Mwambie mwenzako avue koti. Analowesha kiti changu."

Shifa akageuka. Pembeni yake hapakuwa na mtu.

Lakini kiti kilikuwa kimelowa.

Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye kitambaa, polepole, tone... tone... Na ilikuwepo harufu. Si ya mvua. Ilikuwa harufu ya maji yaliyokaa gizani siku nyingi.

"Meiyou," Shifa akasema, kwa sauti aliyoisikia ni ya mtu mwingine. "Hakuna mtu."

Dereva akazima redio. Hakusema tena neno mpaka walipofika, na Shifa alipoteremka, gari liliondoka kabla hajafungua pochi.

Alipanda ngazi mbio. Sihaba ndiye aliyefungua mlango, mwanamke mnene wa tabasamu, unga wa chapati mikononi.

"Karibuni, karibuni ndani. Masikini, mmelowa."

Alikuwa akitazama juu ya bega la Shifa.

"Mwambie mwenzio aingie, asisimame kwenye upepo."

"Dada Sihaba... nimekuja peke yangu."

Sihaba akacheka kidogo. "Haya, mie sikusengenyi. Mchina naye mtu." Akavuta taulo lililokuwa kwenye kiti, akalinyoosha mbele. "Karibu, mwanangu. Jifute."

Akaliachia.

Taulo halikuanguka.

Lilibaki hewani, usawa wa uso wa mtu. Likajikunja. Likasogea taratibu, huku na huku, kama linavyosogea taulo mikononi mwa aliyechoka. Kisha taa zikapepesa, na zilipotulia taulo lilikuwa sakafuni, limekakamaa kama ubao, lina chembe za barafu.

Tabasamu la Sihaba lilifutika. Alitazama taulo, akamtazama Shifa.

"Humwoni?" alinong'ona.

"Yukoje?"

"Kijana. Midomo ya buluu. Koti zito la rangi ya chungwa. Viatu hana." Akajifuta unga kwenye nguo. "Kaniambia ahsante."

"Kwa Kiswahili?"

"Sijui. Nimemwelewa tu."

Marijani alitoka chumba cha nyuma, hakuona kitu ila wanawake wawili wakilitazama taulo sakafuni. Walipomweleza, hakucheka wala hakubisha. Alilipokea bomba kwa ncha za vidole, akalitia kwenye friji, akafunga mlango wa chumba kile, akakaa mbele yake akisoma Ayatul Kursi mpaka pumzi ikamwishia, akaanza tena. Shifa alilala kwenye kochi bila kufumba jicho. Alfajiri umeme uliporudi mjini, alilichukua bomba. Dereva aliyemrudisha alizungumzia mvua tu. Kiti kilibaki kikavu, na Shifa akamshukuru Mungu.

Profesa Liang aliporejea, Shifa alimfuata ofisini, akamuuliza. Profesa alifunga mlango kwanza.

"Aliitwa Zhou," alisema. "Alikuwa mdogo wetu katika msafara. Bomba liligoma kutoka, tukavuta kamba yake sote, barafu ikakatika chini ya miguu yake. Hakuiachia kamba. Alisukuma bomba mpaka tukalishika, kisha akazama. Hatukumpata."

"Na ulijua kuwa anakuja?"

"Mwanafunzi aliyekuwepo kabla yako alimwona. Aliacha masomo. Wewe hukumwona. Nikadhani amechoka."

"Anataka nini?"

Profesa alitazama mikono yake. "Labda bomba lake. Ndilo kitu cha mwisho alichokishika."

Shifa alitoka akiwa ameshakata shauri. Kama mtu yule amefungamana na tope, basi tope liishe. Na kazi yenyewe ilidai hivyohivyo: tope hukatwa vipande vyembamba, hukaushwa, hupimwa uzito, halafu huchomwa katika tanuri. Kinachopungua ndicho kilichokuwa na uhai, mwani na kuvu, na kwa kipimo hicho hujulikana mwaka upi ulikuwa wa joto na upi wa baridi. Kinachobaki ni jivu.

Akalipasua bomba. Tope lilikuwa zuri, weusi na weupe vikipishana. Lakini pembeni mwake, tangu juu hadi chini, hata katika tabaka za enzi ambazo hapakuwa na binadamu aliyekanyaga kule, palikuwa na alama za vidole.

Kwa ndani.

Hakumwita mtu. Alikata, akachoma. Alikata, akachoma, midomo ikisoma. Namba zilikuja vizuri: zamani sana ziwa lile lilipata joto, mwani ukajaa, kisha baridi ikarudi ghafla kama mlango uliobamizwa. Kipande cha mwisho kilipotoka tanurini, harufu ya maji ya gizani ilikuwa imetoweka maabarani. Shifa aliosha vyombo, jivu likaenda na maji, na siku hiyo alilala usingizi mzito.

Marijani alikuja kumtafuta chuoni mwezi uliofuata. Alikuwa amekonda.

"Sihaba ana baridi," alisema. "Anavaa sweta mbili jua la Agosti. Chai ikiwa mkononi mwake haimalizi dakika, imepoa. Madaktari hawaoni kitu. Namrudisha Unguja."

Alimrudisha. Shehe mmoja alimsomea, akamaliza, akafunga msahafu. Akamwambia Marijani kando: "Ingekuwa jini ningemtoa. Huyu ni mtu, na amekaribishwa. Mtu hatolewi kwa kisomo."

Marijani alimpigia Shifa akamweleza, na Shifa alikaa na maneno hayo mpaka hakuweza tena. Jioni moja aliingia kibanda cha simu, akapiga Unguja. Sihaba alipokea mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo. Tupo."

Nyuma ya sauti ile Shifa alisikia kitu kama kokoto zikigongana, harakaharaka. Ilimchukua muda kutambua ni meno.

"Afadhali umepiga," Sihaba alinong'ona. "Anataka kukuuliza. Tope lake umeliweka wapi? Anasema akilipata ataweza kwenda zake."

Shifa aliutazama mkono wake ulioshika simu. Ndio ulioosha vyombo, ukalimwaga jivu.

"Shifa? Nimwambie asubiri?"

Shifa aliikandamiza simu sikioni.

"Haya," Sihaba akasema, na hakuwa akisema na Shifa tena. "Sogea huku. Lala."