Msituni Hatuitani Majina

Wifi yangu Goretti alipenda uyoga kuliko alivyonipenda mimi, na hakuficha. Kila Septemba aliendesha gari zaidi ya saa mbili kaskazini mwa Toronto kwenda kuuchuma, na kwa kuwa mimi ni mke wa kaka yake, kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo.

Jumamosi ile tulichelewa kutoka Kingsview Village. Tulifika jua limeshaanza kuzama. Kwenye kituo cha mafuta palibandikwa karatasi yenye picha ya paka mkubwa wa rangi ya udongo, mkia mrefu. Puma. Mama wa dukani alisema watu watatu wamemwona mwezi ule, ingawa wakubwa wa serikali wanashikilia kwamba mnyama huyo alishakwisha huku zamani.

"Chui ya Wazungu," Goretti alicheka. "Haina hata madoa."

Lakini tulipoingia msituni alininong'oneza, "Unajua desturi, eh? Hakuna kuitana jina."

Nilijua. Sote wawili tumezaliwa nyumbani Afrika, Fizi. Kule, mkiwa msituni mnapigiana mluzi. Ukimwita mtu kwa jina, kuna kitu kitalisikia, na mwenye jina akiitika, amekwisha. Bibi yangu hakutaka hata kusema ni kitu gani.

Tukagawanyika. Yeye upande wa kijito, mimi kwenye misonobari. Alipiga mluzi, nami nikamjibu.

Sasa niseme ukweli. Nilimchukia. Miaka sita nimeishi na mume wangu Félicien bila mtoto, na miaka sita Goretti amekuwa akilitazama tumbo langu kila nikiingia kanisani. Asubuhi ile nilikuta kwenye simu ya mume wangu picha ya msichana wa Uvira, mji wa kwetu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anatabasamu. Chini yake Goretti alikuwa ameandika: "Huyu atakuzalia. Ule mwingine umurudishe kwao." Félicien alikuwa hajajibu kitu. Hakukataa. Hilo ndilo lililoniuma.

Harufu ilitangulia. Harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki.

Ndege wakanyamaza...

Kisha nikauona mkia. Mrefu, mzito, ukipita taratibu juu ya majani makavu. Mnyama akageuza kichwa, akanitazama. Hakunguruma. Alisubiri tu, kama muuza duka anayesubiri useme unataka nini.

Goretti akapiga mluzi.

Ningeweza kumjibu kwa mluzi. Midomo yangu ilikuwa tayari.

"Goretti," niliita. "Goretti Mwavita."

Mluzi wake ukakatika.

"Goretti Mwavita, uko wapi?"

"Eeh, niko hapa."

Nilipotazama tena, mnyama hakuwepo. Nikasikia ndoo ikianguka. Basi.

Walimtafuta siku nne, kwa mbwa na helikopta. Walipata kiatu kimoja, na ndoo iliyojaa uyoga. Askari wa wanyamapori alisema labda ni dubu. Félicien alilia begani kwangu, na usiku huo yeye mwenyewe akaifuta ile picha. Nililala usingizi mtamu, sitadanganya.

Wiki mbili baadaye nilimpigia mama simu, nikaulizia ile desturi kama mtu anayepiga soga.

"Ni nani aliita?" mama aliuliza.

"Mtu tu wa kanisani."

Nikamsikia akifunga mlango wa nyumba.

"Mwambie huyo mtu kile kitu hakichukui jina tu. Kinabeba na sauti iliyoliita. Sasa kitaita na sauti yake, na kitaanza na watu wa nyumba yake."

"Hakuna dawa?"

"Awaambie watu wake ukweli, wasimwitike kama hawamuoni. Dawa ni hiyo tu."

Kumwambia Félicien asiitike... Angeuliza kwa nini. Ningejibu nini? Kwamba nilimuuza dada yake kwa sababu ya picha? Angenirudisha kwetu siku hiyo hiyo, na yule wa kiti cha plastiki angelala kitandani kwangu. Nikanyamaza. Nikaacha tu kumwita jina. Nilimgusa bega, au nilipiga makofi ageuke. Alidhani ni majonzi.

Oktoba watu wa jengo letu walianza kusema kuna mnyama bondeni, nyuma ya maegesho. Wengine walisema ni mbwa mwitu mdogo, mmoja wa wale wanaokula takataka. Mmoja alisema ana mkia mrefu mno.

Nikaanza kufunga madirisha mapema.

Jumatano moja, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa jikoni nasonga fufu. Félicien alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu aende zamu ya kiwandani. Ile harufu ikaingia kwa chini ya mlango.

"Félicien..."

Ilitoka kwenye ngazi za dharura. Sauti yangu. Laini, tamu, kama nilivyomwita mwaka wa kwanza wa ndoa yetu.

"Félicien Amisi, uko wapi?"

Nikageuka nimzuie, lakini nilichelewa. Nikamsikia akicheka kwa furaha. Huenda alidhani nimeshuka na takataka, na alikuwa amekaa wiki nyingi bila kusikia jina lake kinywani mwangu.

"Eeh, niko nakuya."

Nikaangusha mwiko, nikakimbia. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango wa ngazi ulikuwa unajifunga polepole, na mbele yake kiatu kimoja, kamba hazijafungwa.

Polisi wanasema wanaume huondoka. Kanisani wananiletea chakula, wananiita mjane kabla ya wakati. Naitikia kwa kichwa.

Majirani wananionea huruma. Wanasema kila jioni wananisikia kwenye ngazi nikimwita mume wangu, na wanaelewa, uchungu ni uchungu. Sijakanyaga zile ngazi tangu siku ile.

Jana Nargis, mama wa mlango wa pili, alibisha hodi. Alikuwa na aibu, anasugua mikono. Alinong'ona, asije akaniumiza.

"Dada, najua una machungu. Lakini jana jioni umeanza kumwita binti yangu. Tafadhali... anakupenda, anataka kila mara kutoka akufuate."

Nikataka kumwambia mtoto asiitike. Angeuliza kwa nini.

Nikamwambia sitarudia tena.