Redio Iliyorudi Imejaa

Redio ilirudi kutoka kazini ikiwa imejaa chaji, na hilo ndilo jambo la kwanza lililokwenda kombo, ingawa hakuna aliyelalamika. Nani atalalamika redio ikijaa?

Ilikuwa redio ya mkononi ya mabaharia, nyeusi, nene, yenye antena fupi na kitufe cha kubonyeza ubavuni ukitaka kuongea. Nahodha alikuwa ameivaa kifuani tangu asubuhi, ameinasa kwenye jaketi la kuokolea, akipeleka mafundi na mizigo kwenye meli zilizotia nanga nje ya bandari. Alishinda akiongea nayo, maana mwanamume huyo hakuitwa Kasuku bure. Jioni mkewe alipoichomeka kwenye chaja ndani ya boti, taa ilipaswa kuwaka nyekundu. Iliwaka kijani.

"Leo ulikaa kimya, au?" akamuuliza.

"Mimi? Nimeongea mpaka mataya yananiuma."

Mkewe ndiye aliyekuwa fundi umeme wa boti ile na nyingine nyingi pale gatini, na kila mtu alimwita Fundi, mumewe akiwa wa kwanza. Aliichomoa redio, akaichomeka tena. Kijani. Akasema betri yake imezeeka, inadanganya, wakafunga mlango wa chumba cha usukani wakaenda zao nyumbani.

Chaja ile aliifunga yeye mwenyewe, na aliifunga vibaya akijua. Kwenye boti kila kitu hupitia swichi kuu. Ukiizungusha jioni, boti nzima inalala, taa, pampu na vyote, ili kesho betri kubwa iwe na nguvu ya kuwasha injini. Fundi alikuwa na ulimi mkali kwa watu wanaoruka swichi. Lakini waya wa chaja hii aliutoa moja kwa moja kwenye betri, bila swichi, bila fyuzi, ili redio iendelee kula umeme hata boti ikiwa imezimwa. Hakutaka pawe na kitu cha kuizimia.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa bado inamliza. Mdogo wake wa kiume alifanya kazi kwenye boti hiyohiyo. Siku moja alitoka peke yake na kiboti kidogo kwenda kukagua boya, ukungu ukashuka, injini ikagoma. Akaita kwa redio hiyohiyo ya mkononi. Kasuku, kwenye redio ya boti, alimsikia akisema, "Shemeji, mnanipata?" naye akajibu kama baharia yeyote anavyotakiwa kujibu: "Nakupata, sema." Hakikusemwa kitu. Chaji ilikuwa imeisha. Kiboti kiliokotwa baadaye kikiwa kikavu kabisa, redio imewekwa vizuri juu ya ubao wa kukalia, na mwenyewe hakuonekana hata kiatu. Fundi akaipangusa ile redio, akaapa kwamba haitaishiwa chaji tena maadamu yeye yu hai.

Basi taa ikawa kijani kila jioni. Kisha ikaja furaha nyingine: betri kubwa ya boti nayo ikawa haishuki. Kasuku akigusa ufunguo tu, injini inanguruma. "Mke wangu ana mikono ya baraka," aliwatangazia watu gatini, na Fundi akacheka pamoja nao, japo alijua kwamba mikono yake haikuwa imefanya lolote.

Mchana mmoja wa mvua alibaki peke yake kwenye boti akibadilisha pampu. Injini ilikuwa imezimwa, swichi kuu imezungushwa, na mumewe alikuwa ofisi ya bandari. Ndani kulinukia dizeli na nguo mbichi, kama siku zote. Halafu ikapita harufu ya udi. Fundi aliinua kichwa. Nani anafukiza udi bandarini, tena mvua inanyesha? Harufu ilizidi kukolea, ikamkaa kooni, na kwenye chaja redio ikakwaruza kidogo, ikanyamaza, ikavuta pumzi.

"Dada," ikasema. "Mnanipata?"

Bisibisi ilimponyoka. Alikuwa ni yeye, na ile sauti yake ya kukwamakwama kama mtu mwenye mafua, sauti aliyoisikia tangu angali akimbeba mgongoni. Mtu mwingine angetoka mbio. Fundi aliikumbatia redio kwa mikono miwili, akabonyeza kitufe, akajibu huku machozi yakimtiririka, "Nakupata. Nakupata, mdogo wangu. Uko wapi?"

Haikusema iko wapi. Ilisema tu, "Msinizime."

Hakumwambia mtu. Kila siku alijitafutia kazi kwenye boti ile, mara kaza hiki, mara safisha kile, na akiwa peke yake harufu ya udi ilikuja na sauti ilimwita. Alikuwa na furaha, tusifiche. Ila wakati huohuo nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika mbele ya macho yake. Kasuku aliacha kuongea. Alirudi kazini, akakaa sebuleni bila kuvua buti, mikono baridi, midomo imekauka, mkanda wa suruali umeongezwa matundu.

"Mkwe wangu," mama mkwe wake, aliyeishi nao, alimnong'oneza jikoni, "mwanangu huyu unamlisha nini? Au mmenuniana?"

"Hatujanuniana, mama."

"Nimemshika mkono, ni kama nimeshika samaki wa jokofu. Mtu mzima nimeogopa."

Fundi naye aliogopa. Kesho yake alichukua mita yake, ile ya kubana, yenye taya zinazouzunguka waya na kukuonyesha umeme unaopita ndani yake bila kuukata. Aliisubiri boti irudi, akamvua mumewe redio kifuani, akaichomeka, akazungusha swichi kuu, kisha akabana waya wa chaja. Mita ilipaswa kuonyesha umeme ukitoka kwenye betri kwenda kwenye redio. Ilionyesha namba yenye alama ya kutoa mbele yake.

Alidhani ameibana kinyume. Akaigeuza, akaifuata kwa kidole mishale iliyochorwa kwenye taya kuonyesha umeme unakoelekea, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa amekosea. Umeme ulikuwa unatoka kwenye redio kuingia kwenye boti. Redio ndiyo iliyokuwa inaichaji boti, na redio yenyewe ilikuwa haijapata kuchajiwa na kitu kingine chochote tangu asubuhi ila kifua cha mume wake ilipokuwa imelala.

"Unaisikia na wewe," Kasuku akasema nyuma yake, taratibu. Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye usukani. "Usinifiche. Mimi naisikia kutwa. Inaniita shemeji."

"Tuitupe. Leo hii."

"Mimi siitupi."

"Inakumaliza! Huoni?"

"Naona." Alifumba macho. "Aliniita nikamwambia, sema. Sikumsikia tena. Nikimzima leo nitakuwa nimemwacha mara ya pili. Wewe utaweza?"

Hakuweza, na ndani ya chumba kile kidogo udi ulikuwa umefunika hata dizeli, na boti iliyokuwa imezimwa kabisa ilianza kuwasha taa zake yenyewe, ya mlingoti, ya usukani, ya chini kwenye injini, moja ikifuata nyingine pole kama mtu anayepita vyumbani kukagua nyumba aliyohamia, na pampu ikaanza kunguruma ikitapika maji ambayo hayakuwepo, na redio, bila mtu kuigusa, ikasema kwa sauti ya mdogo wake, lakini sasa bila kukwama hata kidogo, laini, ya kujisikia nyumbani, "Nawapata wote wawili."

Mganga aliletwa na mama mkwe. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye mkoba wa plastiki na viatu vya mvua, na alipopanda boti alilalamikia ngazi kwanza kabla ya kulalamikia kitu kingine. Kisha alinusa hewa. Alizunguka chumba cha usukani akigusa ukuta kwa kiganja, akasoma alichosoma, akanyunyiza maji ya waridi mlangoni. Redio ilikwaruza kila alipotaja jina la Mungu.

"Huyu si ndugu yako," akasema, akimtazama Fundi machoni. "Ndugu yako alishaliwa na huyu, pole mwanangu. Sauti ndiyo masazo. Na hakai kwenye hiki kiredio, hiki ni mdomo wake tu. Anakaa kwenye boti. Nani alimfungulia njia isiyofungwa?"

Fundi aliuonyesha waya. Hakuwa na haja ya kuelezwa.

"Basi ukate wewe. Mkono uliofunga ndio ufungue."

Alishika koleo. "Dada," redio ikasema. "Dada, kuna ukungu. Dada, usinizime, naona giza." Ikalia. Ililia kama alivyokuwa akilia mdogo wake utotoni, kwa kwikwi, akitafuta upande wa kanga ya dada yake wa kushika. Fundi alipiga kelele ili asiisikie, akabana koleo. Cheche moja iliruka. Taa zote zilizimika, udi ukakatika ghafla kama mtu aliyefunga mlango, pakabaki harufu ya dizeli, ile harufu mbaya ya siku zote, na Fundi aliivuta kifuani kwa shukrani.

Ndipo mama mkwe aliposema, "Mwanangu!"

Kasuku alikuwa ameanguka. Hakuumwa, hakuhema vizuri, alilala tu kama kifaa kilichochomolewa. Walimbeba nyumbani. Daktari alikuja, akapima mapigo, akatikisa kichwa, akasema moyo unapiga kwa mbali na hajui kwa nini. Mganga akasema kilichotolewa kimetolewa, mengine yamo mikononi mwa Mungu, akachukua mkoba wake akaenda.

Fundi alikaa kando ya kitanda, jua likiingia dirishani, watoto wa jirani wakicheza nje. Aliushika mkono wa mumewe, uliokuwa wa baridi mno. Alikuwa amempoteza mmoja kwa chaji iliyoisha. Akainama sikioni mwake.

"Usiniache," akamnong'oneza. "Chukua nguvu zangu. Chukua zote, sina kizuizi. Ila usizimike."

Haikupita muda mrefu, mkono ule ukapata joto. Rangi ilianza kumrudia usoni. Mama mkwe alichungulia mlangoni, akapiga kigelegele cha chinichini, akakimbilia jikoni kubandika uji. Fundi alitabasamu, na kutabasamu kwenyewe kulimchosha. Alisikia baridi. Alijiambia ni uchovu wa siku nzima, kisha akatazama kucha zake, akaona zimekuwa za bluu.

Mkoba wake wa kazi ulikuwa miguuni pake. Aliuvuta kwa mkono uliokuwa huru, akatoa mita, akazifungua taya zake, akaubana mkono wake mwenyewe uliomshika mumewe, pale kwenye kifundo, mshale ukielekea kwenye kwapa lake, akijua kwamba anafanya upuuzi, kwamba mwili wa mtu si waya, kwamba mita ingeonyesha sifuri kama inavyoonyesha kwa watu wote waliowahi kufanya mzaha huo karakana, na huku akijiambia hayo alikuwa anaomba, anaomba kwa moyo wote, sifuri, sifuri. Namba ilipanda. Mbele yake palikuwa na alama ya kutoa.

Umeme ulikuwa unamtoka yeye kwenda kwa mumewe.

Alijaribu kulegeza vidole. Mara hiyohiyo midomo ya Kasuku ikaanza kupauka, pumzi ikakwama, na Fundi akaushika tena mkono wake kwa haraka. Alitazama huku na huku chumbani, ukutani, chini ya kitanda, kama fundi anavyotafuta mahali pa kuzimia. Hapakuwa na swichi. Hapakuwa na waya wa kukata.

Kutoka jikoni ilisikika mama mkwe akiimba. Kisha, juu ya uji uliokuwa unachemka, ikaingia harufu ya udi.

Kasuku alifumbua macho. Yalikuwa maangavu, yenye afya, na yalimtazama kwa upendo mwingi. Alikibana kiganja cha mkewe taratibu kwa kidole gumba, kama mtu anayebonyeza kitufe.

"Nakupata, dada," akasema. "Nakupata vizuri."

Na Fundi hakumwachia.