Maneno ya Saa Mbili na Nusu

Jumanne moja ya Machi 1983, saa moja na nusu asubuhi, Mama Régine alifungua chumba chake cha kushonea mtaani Saio, mjini Bunia, akakuta meza tupu. Mashini yake ya kushonea imeibiwa. Saa nne ilipatikana jikoni kwa fundi wake, Julien, chini ya magunia, manivela, ule mkono wa kuzungushia, imevunjika. Saa tano askari mmoja, jandarme, akamletea Inspekta Anselme karatasi ya Kifaransa: Julien amekiri. Saa kumi gari lingempeleka gerezani, na mkewe yuko hospitalini Nyankunde anangoja kuzaa.

"Hii karatasi inasema nini?" Anselme alimuuliza Julien.

"Sijue, Inspekta. Français sijue. Walinipiga, nikatia kidole."

Ushahidi gani huo? Aibu tupu! Anselme alikuwa mgumu: kila shahidi aeleze kitu kilichopotea, hata kama wote wanakijua, kisha asomewe maneno yake kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Wenzake walimcheka, eti padri wa makaratasi.

Akafungua dosiye, jalada la kesi, akamwita tena Gustave, fundi jirani, yule aliyewaambia wapekue kwa Julien. Mama Régine na Julien walikuwapo.

"Asubuhi ulikataa nikusomee maneno yako," Anselme alimwambia.

"Miye nilisoma masomo, Inspekta. Haikuwa lazima."

"Basi sikiliza. Saa mbili na nusu ulisema: 'Tangu Jumapili sikuingia kwa Mama Régine. Mashini yake iko nyeusi, ya mukono, manivela imevunjika.' Nani alikuambia imevunjika?"

"Iko mashini ya zamani..."

"Weye!" Mama Régine akaruka. "Jana jioni nilishona nayo, ilikuwa muzima!"

"Na siye tuliipata saa nne, nyuma ya maneno yako," Anselme alisema.

Gustave akakaa chini.

"Iliniangukia ku dirisha, nikaificha kwa Julien. Mama alisema akichoka, kazi yote itabakia kwa Julien. Lakini ni miye nilimufundisha kukata suruali! Miye!" Akaanza kulia.

"Yaya Gustave, kaka yangu," Julien alisema polepole, "ungeniambia tu."

Mama Régine akaikamata ile karatasi ya Kifaransa. "Nipasue hii uchafu!"

"Hapana, Mama." Anselme akaichukua. "Inabakia mu dosiye. Prokirere, mushitaki wa serikali, lazima ajue nani alimupiga huyu mutu."

Mlangoni, yule jandarme aliyeleta karatasi, aliyekuwa akimcheka Anselme, aliacha kucheka.

Julien akasogeza kiti mezani. "Nisomee na hiyo karatasi kwa Kiswahili, Inspekta. Nijue nilisema nini."