Majani ya Kumficha Wifi

Fundi alikuwa na cherehani mbili, mke mmoja na mashemeji sita. Alishona suruali na makoti katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kila asubuhi alifungua dirisha, akatia cherehani mafuta, kisha akapiga pasi kazi za jana. Wateja walimjua kwa mambo mawili. Mshono wake haufumuki, na ahadi yake haitimii.

Siku moja mdogo wa kiume wa mkewe alihamishwa kikazi kwa miezi mitatu. Akamletea dada yake tangi kubwa la kioo lenye samaki wawili. Dume alikuwa mkubwa kuliko kiganja, ana paji pana na macho ya ugomvi. Jike alikuwa mdogo, wa rangi ya majivu. Mimea yao ilikuwa imekufa wakati wa kuhama. Kijana akasema watapanda mingine, akaaga, akaenda zake.

Tangi likawekwa chumba cha kazi, mbele ya benchi la wateja. Fundi akampa dume jina la Shemeji. Alisema anakula vizuri, na hakuna anachokipenda ndani ya nyumba hii. Mkewe alikuwa muuguzi, tena mwenye subira, lakini utani huo haukumchekesha. Hata hivyo, jina likishakaa limekaa. Na ikiwa dume ni Shemeji, kaka wa mke, basi jike ni wifi yake mke. Wakamwita Wifi.

Shemeji hakuwa na mchezo. Alimkimbiza Wifi kutwa nzima. Wifi akikimbilia kona hii, Shemeji yupo. Akienda kona ile, Shemeji ameshafika. Tangi lilikuwa tupu, halina hata jani moja la kujifichia. Baada ya wiki moja mkia wa Wifi ulikuwa umechanika. Akawa anakaa nyuma ya bomba la chujio, wala chakula hataki.

Mke aliporudi kutoka zamu, alivua viatu akaketi kwenye benchi la wateja. Alimtazama Wifi kwa muda mrefu.

"Mume wangu, huyu atakufa," alisema. "Mimi nakaa na wagonjwa. Namjua aliyekata tamaa anavyokaa."

Fundi aliona uchungu, na aibu pia, kwa sababu tangi lile lilikuwa amana. Kesho yake alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo. Hakumuuliza mtu kitu. Alichagua mimea kama anavyochagua kitambaa, kwa kuishika na kusikia ulaini wake. Akarudi na mimea laini kuliko yote dukani. Akaifukia kwenye changarawe, mstari mmoja ulionyooka kama upindo wa suruali, kisha akaenda kunywa chai.

Aliporudi, mimea yote ilikuwa inaelea. Shemeji alikuwa ameing'oa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa anautafuna huku akimtazama Fundi usoni. Fundi akapanda tena, ikang'olewa tena. Siku ya tatu wateja walianza kuja kabla ya miadi yao. Suruali hazikuwa tayari, lakini burudani ilikuwepo.

Fundi akapandwa na hasira, na hasira hasara. Akasema kama samaki wanataka majani, yeye atawashonea. Akakata bitana ya kijani, akashona majani arobaini, kila jani na pindo lake. Chini akafungia vifungo vizito vya makoti ili yazame. Kwa kweli yalipendeza. Hata Shemeji alirudi nyuma kidogo.

Kabla ya adhuhuri rangi ya kitambaa ilikuwa imetoka. Maji yaligeuka kijani kibichi. Samaki wote wawili walikuwa juu kabisa, wakihema. Fundi alisimama ameshika kichwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, hajui aanzie wapi.

Bahati nzuri, mlangoni aliingia jirani yao. Alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi kwenye mabwawa ya kufugia samaki, na mtaa mzima ulimwita Mama Mabwawa. Alikuwa amefuata ovaroli yake kwa mara ya nne. Aliona tangi, akakunja mikono ya nguo. Akatoa vitambaa vyote, akauliza kama kuna maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima au zaidi. Yalikuwepo kwenye pipa la maji ya kunyunyizia nguo za pasi. Wakatoa nusu ya maji machafu, wakatia maji safi polepole. Nusu nyingine waliiacha hadi kesho, kwa sababu samaki hushtuka maji yakibadilishwa yote mara moja.

Samaki walipotulia, Mama Mabwawa akaketi.

"Samaki wa aina hii ana tabia mbili," alisema. "Anachimba, na anaonja kila kitu. Ukipanda kwenye changarawe, umempa kazi. Ukimletea jani laini, umempa mboga."

"Basi hawezi kuishi na mimea."

"Anaweza sana. Tatizo ni wewe, Fundi. Unachagua ulaini. Chagua ugumu. Jani liwe nene na gumu, kama ngozi ya mkanda. Akilionja mara moja, hatarudia."

Alimtajia mimea miwili, anubia na kangaga la Java. Yote hukua polepole na haihitaji mwanga mkali. Ina shina nene linalolala, kama tangawizi. Shina hilo halifukiwi, maana likifukiwa linaoza. Hufungwa juu ya jiwe zito, mpaka mizizi ishike yenyewe.

"Hufungwa kwa kitu gani?" Fundi aliuliza.

Mama Mabwawa akatazama rafu ya nyuzi. Kisha akamtazama Fundi.

"Aa," akasema Fundi.

"Uzi wa pamba, tafadhali. Na usiwe na rangi. Utaoza baada ya wiki kadhaa, na wakati huo mizizi itakuwa imeshashika."

Alimwambia aongeze mimea ya kuelea, kwa sababu hukua haraka. Shemeji akila kidogo, itaota tena. Mimea asiitoe mtoni, maana huweza kuleta magonjwa. Wala ya tangini asiitupe mtoni, maana huweza kuenea na kuziba maji. Na mawe yenye mimea ayapange hadi katikati, Shemeji asione tangi lote kwa jicho moja. Mgomvi asiyekuona hakukimbizi, alisema.

Fundi alimaliza ovaroli ya Mama Mabwawa siku hiyo hiyo. Mtaa ulilizungumzia jambo hilo kuliko samaki.

Mimea ilipopatikana, aliisuuza, akaifunga kwenye mawe kwa mafundo madogo yasiyoonekana. Alipoitumbukiza, benchi lilikuwa limejaa wateja. Shemeji alikuja mbio. Aliuma jani, akalitema. Alivuta, jiwe halikutikisika. Alivuta tena, akatulia kidogo, kisha akaenda kukaa peke yake. Mzee mmoja akapiga makofi.

Wifi alipenya nyuma ya majani, akapotea. Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu alitoka, akala, akarudi. Mke wa Fundi alikuwepo, na machozi yalimtoka, ingawa alisema ni mvuke wa pasi. Baada ya mwezi mkia ulikuwa umepona.

Miezi mitatu ilipokaribia kwisha, Wifi alitaga mayai juu ya jiwe bapa. Hapo mambo yakageuka. Wifi alikuwa mama sasa, na mama hana utani. Shemeji akisogea, anakimbizwa. Akienda kona hii, Wifi yupo. Akienda kona ile, Wifi ameshafika.

Siku hiyo ndipo kijana alipokuja kuchukua samaki wake. Akainama mbele ya tangi, akamwona jike tu.

"Shemeji, dume wangu yuko wapi?"

Fundi alicheka hadi akaegemea cherehani. Akaonyesha nyuma ya kangaga, ambako ncha ya pua ilikuwa ikichungulia. Akatia mkono ili asogeze majani, mgeni aone vizuri.

Mkewe akamshika mkono.

"Mwache," alisema. "Leo na yeye anayahitaji."