Dawa ya Nini?

Kila Jumamosi watu wazima wa kijiji cha Mhezi walishinda kwenye shamba la ujamaa, na Asnath, msichana wa miaka kumi na miwili, alibaki nyumbani kumtunza bibi yake, Honorata, aliyesumbuliwa na kikohozi. Siku hiyo Asnath hakutulia hata kidogo. Wenzake walikwisha kuanza kucheza netiboli, na kelele zao zilimfikia hadi jikoni.

"Asnath! Niletee dawa," bibi aliita kutoka kitandani.

Dirishani zilikuwapo chupa mbili za soda zilizofanana. Asnath aliinyakua iliyokuwa karibu, akamkabidhi bibi pamoja na kijiko, akatoka mbio.

Njiani alikutana na mjomba wake, Hezroni, akirudi kutoka shambani, amebeba bomba la kupulizia kahawa dawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeiona dawa yangu? Niliiacha dirishani asubuhi."

Asnath alikumbuka zile chupa mbili. Aligeuka, akakimbia kurudi nyumbani, na mjomba akamfuata.

Walimkuta bibi ameshika tumbo, anatapika. Mjomba alitupa bomba chini, akambeba mgongoni hadi zahanati.

"Amekunywa nini?" aliuliza mganga, Bwana Melkizedeki.

"Dawa," alijibu Asnath, macho chini.

"Dawa ya nini?"

Asnath akawaza. Akisema ya kikohozi, nani atambishia? Kisha akamwona bibi akitetemeka, jasho likimtiririka.

"Ya wadudu wa kahawa," alisema huku akilia. "Nilimpa mimi. Sikuiangalia."

Mjomba akaitaja dawa yenyewe kwa jina. Mganga akaanza kazi papo hapo. Nje, Asnath alikwenda na kurudi, hakai, hasimami, mpaka jioni mlango ulipofunguliwa.

"Atapona," mganga alisema. "Ungenificha, ningetibu kikohozi huku sumu ikimmaliza. Sikiliza, mwanangu. Fundi viatu akiagiza dawa, anataka ya kung'arisha ngozi. Mkulima anataka ya kuua wadudu. Mimi nataka ya kuponya. Sote twasema dawa tu! Basi usimpe mtu kitu kabla hujajua ni dawa ya nini."

Kisha akamgeukia mjomba. "Nawe, Hezroni, sumu haiwekwi kwenye chupa ya soda."

"Kosa langu ni kubwa kuliko la mtoto," mjomba alisema. Akamshika Asnath bega. "Twende tukaiondoe ile chupa, kabla mwingine hajaigusa."